Majuma Sita Bila Kuinua Ndoo

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimekataa maini matatu na pafu moja, halafu na mimi nikakataliwa.

Nilikuwa machinjioni tangu alfajiri, muhuri mkononi, nakagua nyama kama ninavyofanya kila Jumatatu kwa miaka ishirini na miwili ya uafisa afya. Saa tatu nikahisi ujoto unashuka mapajani. Nilipoinuka, benchi lilikuwa limelowa. Mchinjaji mkuu alichukua ndoo ya maji akamwagia benchi, vilevile anavyomwagia sakafu baada ya ng'ombe. Nimeishi kwa kuonyesha watu uchafu wao, na leo uchafu ulikuwa wangu, mbele ya wanaume kumi na wawili wenye visu.

Daktari amesema hakuna tena cha kusubiri. Kizazi kimejaa vivimbe, kimekuwa kikubwa kama cha mimba ya miezi mitano, na damu inaniisha. Anakitoa chote tarehe 24. Nina miaka arobaini na saba na binti mmoja tu, ameolewa mbali na ana kichanga cha wiki tatu, kwa hiyo hawezi kuja.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyesema jambo la maana. Aliniambia kupona kunaanza nyumbani, kabla ya kisu. "Tayarisha nyumba sasa, mama. Ukirudi hutaruhusiwa kuinua ndoo majuma sita." Akaniambia pia niandike kila siku, damu na maumivu. Naandika. Sikumwahidi kwamba nitaandika hayo tu.

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza. Damu nyingi. Inzi wameingia ndani kama wamealikwa.

Ijumaa, 6 Machi

Muuguzi alinipa karatasi. Nisiinue kitu kizito kuliko birika lililojaa. Nisiiname, nisifagie, nisifue. Choo kiwe karibu na kiwe cha kukalia. Sakafu isiteleze. Kitanda kisiwe chini sana. Nisifunge choo, maana kujikamua ni hatari kwa nyuzi.

Basi jioni nilichukua karatasi ile nikaikagua nyumba yangu kama ninavyokagua hoteli za watu. Bafuni kuna utelezi wa kijani pembezoni, ukiukwangua kwa ukucha unatoka kama utando wa maziwa. Nyuma ya jokofu nilikuta mjusi aliyekauka na maganda ya mayai ambayo hakuna anayekumbuka yalifikaje huko. Godoro letu limebonyea katikati, na upande wa mume wangu lina ramani ya jasho. Ukuta wa chumbani umeota kuvu. Kama ingekuwa hoteli, ningebandika karatasi mlangoni na kuifunga kabla ya chakula cha mchana.

La mwisho ni shimo la choo nyuma ya nyumba. Mfuniko umepasuka, na ukisogea unasikia kwamba limejaa. Nikamwambia mume wangu aite gari la kunyonya kabla mvua haijakolea. Mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtu mpole, siku nzima yuko na watu wanaotaka kumuua na hapandishi sauti. Neno lake kwa kila jambo ni moja. Akasema, "Tutaona."

Jumatatu, 9 Machi

Nilimwambia karani wa ofisi peke yake, nikiwa naomba likizo. Kufikia mchana hata mlinzi wa getini alijua. Mkuu wangu aliongea nami nusu saa na macho yake hayakupanda juu ya mkanda wangu. Wanawake wawili walikuja kunipa pole, na mmoja akauliza, huku anatafuna, kama mume wangu amekubali "kukaa na nyumba isiyo na chumba." Alikuwa na mafuta kidevuni. Sikumwambia ajifute.

Ijumaa, 13 Machi

Mume wangu amemwita dada yake aje kuniuguza, na ameniambia baada ya kumwita.

Wifi ni mjane, ana miaka hamsini na minane, ni mpishi wa shule ya bweni. Niandike tu, maana hapa hakuna wa kunisikia: wifi ananitia kinyaa. Anapenga kamasi kwa vidole. Anachokonoa sikio kwa kijiti cha kiberiti kisha anakitazama. Anaonja mchuzi kwa mwiko na kuurudisha sufuriani. Mara ya mwisho alipolala kwetu ni miaka kumi na moja iliyopita. Alikaa siku tano, akaacha chumba kikinuka hata nikaanika godoro juma zima.

Nilimwambia mume wangu afadhali nijiuguze mwenyewe. Akasema nani atanibebea maji. Yeye mwenyewe hakusema "mimi."

Jumatano, 18 Machi

Wifi amefika na begi moja na debe la asali. Shikamoo, marahaba, akaingia jikoni moja kwa moja na viatu vyenye matope.

Alhamisi, 19 Machi

Nimerudi kazini nikakuta jikoni kwangu pamepinduliwa. Vyote vilivyokuwa kabati la chini vimepanda juu ya meza, na vilivyokuwa rafu ya juu vimeshuka. Nikauliza kuna nini. Wifi akasema hakuna kuinama wala kunyoosha mikono, kila kitu kiwe usawa wa kiuno. Amefunga kamba nene miguuni pa kitanda na kuacha ncha yenye fundo juu ya shuka, nikitaka kuinuka niivute badala ya kulivuta tumbo. Amemwagia bafu chumvi na kulisugua mpaka sakafu ikarudi kuwa ya kijivu. Ametoa mipira kwenye nguo zangu zote za ndani ili zisinibane kwenye kidonda. Sikupenda kwamba amezishika.

Baada ya chakula alinilaza kitandani akanifundisha kuinuka. Kwanza ubavu, kisha miguu ishuke, kisha kiwiko kisukume. Akanipa mto mdogo alioushona kwa pamba, nijibane nao tumboni nikikohoa. Mikono yake ilinuka vitunguu. Nilimwuliza amejulia wapi yote haya.

"Nilimuuguza mtu," akasema.

Jumamosi, 21 Machi

Tumegombana. Nilimkuta anafua nguo zangu zenye damu katika beseni la vyombo. Nikamwambia hata machinjioni hatufanyi hivyo. Akasema beseni lina masikio lakini halisemi, likioshwa limeoshwa. Nikaenda kulitupa jalalani mbele ya macho yake. Baadaye nilimsikia anamwambia kaka yake kwamba mgonjwa akiwa mkali ni dalili njema.

Nikamkumbusha mume wangu juu ya shimo. Tutaona.

Jumatatu, 23 Machi

Nimelazwa. Wamenisafisha tumbo kwa mpira. Sitaeleza.

Ijumaa, 27 Machi

Siku ya tatu baada ya kisu. Naweza kushika kalamu.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira wa mkojo, na mfuko wake ulining'inia kitandani wazi kama chupa ya chai, kila mgeni akiutazama kabla ya kunitazama mimi. Mgonjwa wa kitanda cha pili anakula mayai ya kuchemsha kutwa nzima. Anayanusa kwanza.

Lakini la kutapisha zaidi nimeambiwa leo. Siku ile ya upasuaji walimwita mume wangu mlangoni wakamwonyesha kizazi changu ndani ya ndoo, ili ndugu washuhudie kilichotolewa. Tangu hapo anakuja, anakaa, anaongea huku akitazama dirisha. Leo nilimwomba anishikie kikombe cha uji, akakishika kwa ncha za vidole. Nilimzalia mtoto katika mfuko uleule. Wakati ule hakuuonea kinyaa.

Wifi yeye aliinua mfuko wa mkojo akausoma kama mtu anayesoma saa, akamwambia muuguzi, "Huyu hanywi maji ya kutosha."

Jumamosi, 28 Machi

Nimerudi nyumbani. Mvua njia nzima. Kila shimo barabarani lilinipasua upya, mto wa pamba tumboni. Mwalimu wa udereva hakukosa shimo hata moja.

Jumanne, 31 Machi

Siku ya saba. Choo bado. Tumbo limejaa upepo. Papai, maji ya moto, papai.

Alhamisi, 2 Aprili

Imenyesha siku mbili bila kupumzika. Asubuhi, mume wangu akiwa ananyoa, bafu lilianza kuzungumza. Tundu la maji lilitoa mguno, likatoa povu, kisha likatoa kila kitu. Shimo lilikuwa limejaa mpaka juu, na maji ya mvua yakausukuma uchafu urudi ulikotoka, yaani kwetu. Nilisikia harufu kabla sijasikia kelele. Mume wangu alitoka bafuni na povu shavu moja. Nilimwuliza kama sasa ameona. Akavaa viatu akaenda kutafuta gari la kunyonya, na hatukumwona tena mpaka saa kumi jioni.

Maji meusi yalitambaa koridoni yakielekea chumbani kwangu. Nililala na kamba yangu mkononi, nikiyatazama. Nikajaribu kuinuka.

"Ukishusha mguu huo, nakuvunja mwingine," wifi akasema.

Alikunja gauni, akazuia mlango wangu kwa magunia na mchanga wa uani, akaingia bafuni peku na ndoo. Alichota, akatoka, akamwaga mtaroni, akarudi. Nilihesabu ndoo thelathini na nne kisha nikaacha. Mimi nilikuwa mkaguzi juu ya kitanda: nilimwelekeza aweke chokaa wapi, asishike uso, avae viatu vyangu vya mpira vya machinjioni. Alivivaa ndoo ya kumi hivi, vilimbana. Kila baada ya safari kadhaa alisimama, akaegemea ukuta, akabana mapaja kama mtoto anayezuia mkojo. Nikadhani ni uchovu.

Na katikati ya hayo yote tumbo langu, lililonyamaza siku tisa, likachagua saa ile. Choo kilikuwa kimekufa. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuijua. Alinawa mikono mara mbili, akaja na beseni jipya, akanishusha kwa kiwiko kama alivyonifundisha, akachuchumaa mbele yangu na kunishika mabega ili nisijikamue. Nililia kwa aibu. Alininong'oneza nipumue kwa mdomo, nisisukume, kitakuja chenyewe. Kilikuja. Nilifumba macho. Yeye aliangalia ndani ya beseni na kusema hakuna damu, mambo mazuri.

Nimekagua vyoo vya shule, vya soko na vya jela. Sijawahi kumshikia mtu beseni.

Ijumaa, 3 Aprili

Gari lilikuja, likanyonya, likaondoka. Chokaa kila mahali. Nyumba inanuka bado. Mume wangu ananuka manukato.

Jumapili, 5 Aprili

Kidonda kimefunguka pembeni, upana wa kidole, na kinatoa usaha. Wifi alikipangusa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Mume wangu alisimama mlangoni, akaziba pua kwa kola ya shati, akasema anaenda kununua vocha.

Mimi nina pua ya kazi. Naweza kukwambia nyama imelala siku ngapi nikiwa bado nje ya bucha. Harufu iliyotoka tumboni mwangu niliifahamu. Tamu, nzito, yenye chuma ndani yake. Nilishawahi kuinusa katika nyumba hii hii, kwenye godoro la stoo, miaka kumi na moja iliyopita.

Nikamwuliza, "Wifi, yule mtu uliyemuuguza alikuwa nani?"

Akaendelea kupangusa mpaka akamaliza. Akafunika kidonda. Kisha akasema, "Ni mimi mwenyewe."

Alinieleza akiwa anakunja vitambaa, bila kuniangalia. Mwaka ule mumewe alikuwa ametoka kufariki, naye akaanza kutokwa na damu isiyokatika. Walimtoa kizazi katika hospitali ya mbali. Hakumwambia mtu, maana mjane wakisikia hana kizazi watasema ndicho kilichomla mumewe. Akatoka hospitali na nyuzi tumboni, akaja kwa kaka yake, akasema ana homa. Mimi nilimpa stoo. Kidonda kilipoanza kunuka alikuwa akijifunga matambara, na kuyafua mimi nikiwa kazini. Siku ya tano nilisimama mlangoni nikamwambia kama ana homa basi homa yake inanuka, na kwamba nyumba hii ina mtoto.

Niliyasema hayo. Nakumbuka hata mkao wangu, mkono kiunoni.

Kesho yake akaondoka. Siku ya tisa tangu atoke hospitali alikuwa jikoni shuleni anainua masufuria ya watu mia tatu, maana aliambiwa asipofika wataweka mwingine. Akahisi kitu kimeachia ndani, nyama ya uke iliyobaki bila kizazi, kikashuka mpaka nje. Hata akikirudisha, hakijakaa ndani tena tangu siku hiyo. Akitembea kipo, akichota maji kipo.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umeshaziba pua," akasema.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimepelekwa zahanati. Dawa, na kidonda kisafishwe mara mbili kwa siku. Nimejinusa, nimejinusa.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilimwuliza mume wangu kama alijua kuhusu dada yake. Akasema alijua kuna kitu, lakini yalikuwa mambo ya kina mama, hakutaka kuingilia. Alikuwa anakula. Nilitazama mdomo wake ukifunguka na kufumbika. Nikamwambia kuanzia leo yeye ndiye atakayebeba ndoo zote za nyumba hii, na kwamba dada yake hatainua hata kopo. Akafungua mdomo. Nikamwambia akisema tutaona nitarudi machinjioni kesho na nyuzi zangu. Akaenda kuchota maji.

Jumanne, 14 Aprili

Wiki ya tatu. Mume wangu anafua. Anashika nguo kwa mbali kama mtu anayeshika panya kwa mkia, lakini anafua. Wifi bado anarudisha mwiko sufuriani. Bado inanichefua. Nimekula.

Jumatatu, 20 Aprili

Nilimwomba wifi msamaha. Nilikuwa nimeupanga vizuri, ukatoka vibaya. Nilisema kwamba kama ningejua. Akanikatiza, akasema ningejua ningefanya vilevile kwa adabu zaidi. Nilijipima nikaona ni kweli. Tukakaa tunachambua mboga. Baada ya muda akanisukumia bakuli lake, akasema mikono yangu ina kasi kuliko yake.

Nimemwambia aende kwa daktari. Hataki. Anasema kitu alichokaa nacho miaka kumi na moja kimeshakuwa ndugu.

Jumapili, 26 Aprili

Kidonda kimefunga. Mvua inapungua. Kuvu imerudi ukutani.

Jumanne, 5 Mei

Majuma sita leo. Nilimwomba wifi anisindikize kliniki, nikamwambia siwezi kupanda ngazi peke yangu. Uongo. Naweza.

Daktari alinipima, akaridhika, akaniambia naweza kurudi kazini juma lijalo. Nilipokuwa navaa nikamwambia kuna mgonjwa mwingine pale nje, nikafungua mlango nikamvuta wifi kwa mkono. Aliponifahamu alikuwa ameshaingia. Akasema yeye si mgonjwa, amekuja kama fimbo ya kutembelea. Nikamweleza daktari yote, ndoo na masufuria, huku wifi akitazama viatu vyake.

"Mficha uchi hazai, wifi," nikamwambia.

"Na mimi sizai tena," akasema, "kwa hiyo acha nifiche."

Daktari alicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomlegeza. Alivua viatu polepole, akavipanga, akapanda kitandani. Nikataka kutoka. Akanishika kidole kimoja, hakunishika mkono, kidole tu. Akasema nibaki, ila nitazame ukutani. "Nakujua wewe. Utatapika."

Daktari akainua shuka. Sikutazama ukutani.

Kinyaa kilikuja, sitajidanganya katika daftari langu mwenyewe. Maji ya mdomo yakajaa. Nikayameza. Nikaendelea kutazama, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Wifi alikuwa ameikodolea macho dari. Akaniuliza kwa sauti ndogo kikoje. Akasema yeye mwenyewe hajawahi kukiona, hana kioo wala ujasiri, amekuwa akikishika tu na kukirudisha.

Nikamweleza. Nilimwambia kina ukubwa wa limau, si zaidi. Ni chekundu kama ndani ya shavu, kinang'aa, upande wa kushoto kimechubuka kwa kusuguana na nguo, na mchubuko una weupe kidogo lakini hauna usaha. Hakijaoza. Hakina rangi nyeusi popote. Nilimwambia hayo yote taratibu, moja moja, na daktari alitikisa kichwa kukubali, akasema kinashonwa kikarudi mahali pake.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtiririka kwenda masikioni, hakuyafuta.

"Kumbe ni kidogo hivyo," akasema.